GARI LA MWISHO KUTOKA KIMAMBA

SEHEMU YA KWANZA

Sanduku liliingia Turiani jua likizama, likining'inia kwenye mti mrefu uliobebwa na wapagazi wanne, wawili mbele, wawili nyuma. Walipolitua chini ya mwembe hakuna aliyeketi, wote walianguka. Bega la mmoja wao lilikuwa limechunika hadi nyama inaonekana, na nzi walishafika.

Ilikuwa Agosti 1916. Wadachi walikuwa wamefukuzwa kwenye reli ya Usambara, na kila walichoweza kukiokoa kilishushwa Mombo, kikasukumwa kwa vitoroli juu ya vireli vyembamba hadi Handeni, kisha kikapanda vichwani mwa watu. Kutoka Handeni kuja Turiani, chini ya milima ya Nguru, na kutoka Turiani kwenda Kimamba kwenye Reli ya Kati, hapakuwa na gari moshi. Kazi ya gari moshi ilifanywa na shingo za watu.

Kijana mmoja alitoka kwenye bohari akiwa na kitambaa mkono wa kushoto, kuanzia kiganja hadi kiwiko. Watu wa reli walimwita Mtiakuni, nasi tumwite hivyohivyo. Miaka minne alilisha tanuri la injini ya mizigo kwenye Reli ya Kati. Mwezi Juni injini hiyo iliharibika Kimamba, mvuke ukambabua mkono, akarudishwa kwao Turiani apone. Hakupumzika hata wiki; alipewa daftari ahesabu mizigo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Hebu njoo unuse hapa."

Mnyapara wa msafara alikuwa kaka wa mama yake, na katika nchi ile, iwe kwa Wanguu, Wazigua au Waluguru, mjomba akisema njoo, mtu haulizi kwa nini. Mtiakuni akainama juu ya sanduku.

"Vijana wangu wanasema ni mzinga," mjomba alisema. "Mimi nimebeba mizinga. Mzinga haunuki hivi."

Ilikuwa harufu ya mafuta mazito yaliyoungua juu ya shaba. Mtiakuni aliijua kama anavyoijua harufu ya jasho lake. Wakabandua ubao mmoja kwa panga. Ndani, katikati ya mabomba na vali zilizofungwa kwa blanketi, kulikuwa na chombo cha shaba kirefu kama mkono wa mtu mzima, kimenenepa katikati na kuwa chembamba kwenye ncha.

"Injekta," alisema, na sauti ikamkauka. "Wameing'oa kwenye injini ya Tanga."

"Kazi yake nini?"

"Inasukuma maji kuingia kwenye boila. Mvuke wa boila hiyohiyo ndio unaoyasukuma. Ikifa hii, maji yanashuka, paa la tanuri linabaki wazi juu ya moto, linalainika. Halafu linapasuka, mjomba, na aliye mbele yake haonekani tena." Aliinua mkono wenye kitambaa. "Yetu ilipasuka bomba tu. Mungu alitusamehe."

Reli ya Usambara, iliyoanzia Tanga, na Reli ya Kati zilikuwa na upana mmoja, mita moja, na viwanda vya Ujerumani ndivyo vilivyozitengenezea injini zote mbili. Chombo cha huku kiliweza kuvaliwa kule, fundi akikichonga kidogo. Kwa hiyo injini iliyolala Kimamba ingeweza kuamka.

Usiku ule mizinga ilianza kunguruma upande wa Matomondo. Watu walikuja mbio kutoka Mhonda, kwenye misheni waliyoianzisha mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1877, wakisema wapanda farasi wa Afrika Kusini wameteremka milimani, na farasi wengine wanaanguka njiani kwa mbung'o. Jenerali Smuts, kamanda wa majeshi ya Waingereza, alikuwa anataka kuwazunguka Wadachi kabla hawajavuka mto Wami.

Msimamizi wa bohari, mzungu aliyekuwa akitetemeka kwa malaria, alitoa amri mbili. Bohari ichomwe. Sanduku lifike Kimamba, na Mtiakuni aende nalo, kwa sababu kule, zaidi ya dereva, hakuna mwingine aliyebaki anayeijua ile injini.

Waliondoka usiku, nyuma yao unga ukiungua. Ningependa msomaji akae kidogo na jambo hilo: unga uliobebwa vichwani siku nyingi kutoka Handeni, na watu walioubeba wakiwa wamelala njaa, unachomwa mbele ya macho yao wasiruhusiwe kuchukua hata kibaba.

Walipofika Dakawa, kingo za Wami zilikuwa zimejaa askari wanaochimba mahandaki. Daraja lilikuwa bado limesimama. Chini ya nguzo zake watu wawili walikuwa wakifunga kitu kwa waya.

"Piteni upesi!" askari mmoja alifoka.

Wapagazi wanne, mnyapara na Mtiakuni waliingia darajani na sanduku lao. Walikuwa katikati ya mto risasi ya kwanza ilipolia kutoka ng'ambo waliyotoka. Wabebaji wawili wa nyuma waliachia mti na kuruka majini. Sanduku likagonga mbao za daraja, likateleza hadi ukingoni. Mtiakuni akaliangukia kwa kifua. Na hapo, kupitia ufa kati ya mbao mbili, akaona chini yake cheche ndogo ya moto ikipanda taratibu kwenye utambi.

SEHEMU YA PILI

"Inua!" mjomba alipiga kelele.

Mtu mwenye umri wa zaidi ya miaka hamsini alijiingiza chini ya mti nyuma, mpwa wake pembeni yake, na wale wawili wa mbele, ambao hawakuuona ule moto, wakavuta. Hakuna aliyekumbuka baadaye jinsi walivyofika ng'ambo. Walikumbuka tu kwamba ardhi iliwapiga usoni, na kwamba vipande vya mbao vilinyesha kwa muda mrefu. Wabebaji wawili wa mbele walisimama, wakatazamana, wakaingia porini bila kuaga. Mjomba hakuwaita.

"Waache," alisema. "Na mimi ningekuwa na miaka yao ningekwenda."

Wawili waliobaki walilibeba sanduku hadi Kimamba.

Injini ilikuwa imesimama pembeni mwa stesheni, baridi, majani yameanza kuota kati ya magurudumu yake. Jozi nne za magurudumu mafupi, zimeunganishwa kwa fito nene za chuma ili zisukume kwa pamoja. Mtiakuni alipitisha kiganja kwenye ufito mmoja, kutu ikambaki mkononi, akatamani kulia.

Dereva wa injini hiyo alikuwa Mdachi wa mji wa Kassel, kwenye kiwanda kikubwa cha Henschel. Zamani, wakisubiri njia stesheni, alizoea kumweleza mambo ya kwao. Mwaka 1913, wakati reli ikikaribia Kigoma, reli za Prussia zilianza kupokea injini ya mizigo iliyoitwa G 8.1, nayo ilikuwa na jozi nne, kila gurudumu milimita 1,350 kutoka ukingo hadi ukingo. Zilijengwa hadi 1921, zikapita 5,000. Ile ya Kimamba ilikuwa nyembamba kuliko hizo, maana za Prussia zilitembea kwenye reli zenye upana wa milimita 1,435, lakini wazo lilikuwa lilelile. Injini ya abiria hupewa magurudumu makubwa ili ikimbie. Ya mizigo hupewa madogo, mengi, na uzito wote wa injini hugawanywa juu yake, ili ing'ang'anie chuma na isiteleze inapovuta. Ikiteleza, ujue mzigo umeizidi. Msomaji alishike hilo la kuteleza.

Reli yenyewe ilikuwa changa. Kampuni ya Philipp Holzmann ilianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, mwaka uleule vita vya Maji Maji vilipolipuka kusini. Ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Februari 1914 ikaligusa ziwa huko Kigoma, kilomita 1,250 hivi kutoka baharini. Miezi sita baadaye vita vikaanza. Katika muda huo mfupi injini hizi zilivuta mambo makubwa. Meli nzima, Graf von Götzen, iliyojengwa Papenburg na kufunguliwa vipandevipande katika masanduku 5,000 hivi, ilipita hapo Kimamba juu ya mabehewa ya mizigo. Ilishushwa ziwani tarehe 5 Februari 1915. Wadachi wenyewe waliizamisha tarehe 26 Julai 1916 isichukuliwe na Wabelgiji. Ndiyo hiyohiyo ambayo kina mama wa Kigoma waliipanda miaka mingi baadaye kwa jina la Liemba. Mizinga ya manowari Königsberg nayo, baada ya meli hiyo kufia Rufiji Julai 1915, ilitengenezewa magurudumu Dar es Salaam kwa mikono ya mafundi wa reli. Hata fedha: mwaka 1916, sarafu zilipoisha, karakana ya reli karibu na Tabora ndiyo iliyopiga hela ishirini za shaba iliyotokana na maganda ya risasi. Mtiakuni alikuwa na mbili kwenye ncha ya shuka yake.

"Umekuja," dereva alisema kwa Kiswahili chake kizito, akautazama mkono wenye kitambaa, kisha sanduku. Hakusema pole.

Walifanya kazi siku mbili. Shingo ya injekta haikukaa sawasawa kwenye bomba; ikachongwa kwa tupa, ikafungwa kamba iliyolowekwa mafuta, ikakazwa, ikavuja, ikafunguliwa, ikakazwa tena. Makaa ya mawe hayakuonekana tena nchini tangu manowari za Kiingereza zifunge pwani, hivyo tenda ikajazwa kuni za miombo. Mtiakuni aliwasha moto alfajiri. Moto wa boila baridi haukurupushwi. Huwashwa mdogo, upande mmoja, kisha wa pili, bamba zipate joto polepole. Saa tano asubuhi sindano ya kipimo ikatikisika. Dereva akafungua vali. Injekta ikakohoa, ikatapika maji chini, ikakohoa tena, halafu ikaanza kuimba ule mluzi wake mwembamba, na kwenye kioo maji yakapanda.

Mtiakuni alipogeuka kumtafuta mjomba, akaona askari wamepanga mstari.

Wapagazi arobaini kutoka misafara mbalimbali ya Turiani walikuwa wamekusanywa kando ya reli. Usiku uliopita wengine walikuwa wametoroka. Sasa waliobaki walikuwa wakiingizwa kwenye behewa moja la mabati, lenye mlango wa kusukuma, na mnyororo ukiwa tayari.

"Mjomba, wewe ni mnyapara! Panda huku kwenye injini."

"Vijana hawa nimewatoa kwa mama zao," mjomba alijibu. "Nitawaambia nini mama zao, kwamba mimi nilipanda mbele?" Akaingia. Mlango ukafungwa, mnyororo ukazungushwa, kufuli likalia. Ufunguo dereva akautia mfukoni.

Waliondoka Kimamba jioni, siku mbili kabla Kilosa haijaanguka tarehe 22. Mabehewa kumi: risasi, majeruhi, mtama, na lile la mabati mwishoni. Katika mbuga ya Mkata cheche za kuni ziliruka juu ya majani makavu, na nyuma yao moto ukabaki ukitambaa. Mtiakuni alilisha tanuri kwa mkono mmoja na nusu. Alikuwa na furaha, na aliionea haya furaha ile. Injini ilikuwa hai.

Milima ya Uluguru ilipojitokeza mbele, myeusi, dereva alisema bila kumtazama:

"Itazame vizuri. Hii haitarudi."

"Tunakwenda nayo Dar es Salaam, bwana?"

"Hakuna Dar es Salaam. Mashariki ya Morogoro daraja limeshavunjwa. Kuna korongo. Amri ni kwamba tuiendeshe mpaka reli iishe."

SEHEMU YA TATU

Kuharibu injini si kazi nyepesi. Ukiondoa vali, adui ataleta vali. Ukipasua silinda, fundi ataiziba. Lakini injini iliyoanguka korongoni na mabehewa yake juu yake inahitaji winchi, miezi na amani. Wadachi waliokuwa wakirudi nyuma walilijua hilo, na katika Agosti hiyo walivunja madaraja na kuyasukumia mabehewa na injini kwenye mapengo.

Usiku wa tarehe 25 Morogoro ilikuwa inawaka. Maghala yalichomwa, na moshi uliteremka mpaka kwenye reli, ukachanganyika na moshi wa injini, mtu hamwoni aliye hatua tano mbele. Jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wadachi, lilikuwa limeanza kuizunguka Uluguru kuelekea kusini, Kisaki, ambako reli haikuwapo.

Ndipo hesabu ilipofanyika, kwa sauti, chini ya taa ya kandili, na Mtiakuni aliisikia. Behewa moja hubeba tani kumi. Mpagazi hubeba kilo ishirini na tano. Behewa moja, watu mia nne. Gari zima la mabehewa kumi ambalo yeye, dereva na kuni walilivuta kutoka Kimamba usiku mmoja, sasa lilitaka watu elfu nne, na watu hao walitaka kula njiani, na chakula chao kilitaka wabebaji wengine. Askari walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba upande wa Kilakala wakitoa wanaume nje.

Vitabu vya vita hivi vimejaa majenerali. Wapagazi, wa pande zote mbili, walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa kuhara, kwa njaa, kwa homa ya mapafu kwenye mvua za Rufiji, na wengi wao hawakuandikiwa hata jina. Mimi nasema tarehe za vifo vyao zilianza kuhesabiwa pale injini zilipoanza kuuawa, maana kila tani iliyotoka kwenye chuma ilikwenda kwenye shingo ya mtu.

"Mabehewa yenye mzigo yamebaki stesheni," dereva alimwambia Mtiakuni. "Tunachukua matupu tu. Sita."

"Na lile la mabati? Lenye watu?"

"Limewekwa njia ya pembeni. Asubuhi watapewa mizigo."

Mtiakuni alitaka kwenda kuhakikisha. Lakini waliokuwa wakipanga mabehewa, Wahindi wawili na kijana wa Kikami, walikuwa wameshakimbia, na kazi yao ilifanywa na askari ambao hawajawahi kushika swichi, gizani, ndani ya moshi. Dereva akapiga filimbi kabla Mtiakuni hajashuka.

Akafungua mvuke. Injini ikatikisika, magurudumu yote manane yakazunguka palepale kwa kishindo, cheche zikaruka kwenye reli, wala haikusogea. Dereva akatukana, akafunga, akamwaga mchanga kwenye reli, akafungua tena taratibu. Safari hii ikashika. Viungo vya mabehewa vikavutika kimoja baada ya kingine, ga, ga, ga, na uzito wa behewa la mwisho ukaja mpaka kwenye nyayo za Mtiakuni.

Akasimama na kuni mkononi. Miaka minne aliijua injini hii kwa nyayo. Mabehewa sita matupu haiyahisi kabisa.

"Bwana, tuna mzigo."

"Reli ina umande. Tia kuni."

"Bwana, si umande!"

"Tia kuni!"

Njia ilianza kuteremka. Kulia kwao Uluguru ilikuwa ukuta mweusi. Mbele, taa yao ilimulika mataruma mawili, matatu, basi. Dereva alitazama kando, akitafuta jiwe lililopakwa chokaa. Alipoliona alivua kofia yake na kuitundika kwenye wenzo wa mvuke.

"Hesabu mpaka kumi," alisema, "halafu ruka kushoto. Kulia kuna mawe."

Akaruka. Ufunguo ukaenda naye.

Moja. Mbili. Mtiakuni alishika nguzo ya mlango. Tatu. Nne. Ndipo akasikia, chini ya mngurumo wa magurudumu, mdundo mwingine: viganja vinapiga bati. Havikupiga ovyo. Vilipiga ule mdundo wa kutembea na mzigo, ambao mjomba wake aliupiga kwa fimbo kwenye debe tangu Handeni, ili watu wapokee hatua pamoja.

Hakufika kumi. Alifunga mvuke, akaning'inia kwa mwili wote kwenye breki ya mkono ya tenda, kisha akavuta wenzo wa kurudi nyuma hadi mwisho na kuufungua mvuke tena. Injini ikalia kama haijawahi kulia. Magurudumu yakazunguka kinyume, yakateleza, yakauma, yakateleza. Mchanga ulikuwa umebaki kidogo, akaumwaga wote. Mwendo ukapungua. Ukapungua tena. Injini ikasimama, ikitoa mvuke kila upande, na kwenye mwanga wa taa reli mbili zilikwenda mbele hatua kama ishirini, zikapinda kwenda chini, zikaishia hewani.

"Nani amesimamisha?"

Sauti ilitoka ng'ambo ya korongo. Shaushi na askari watano walikuwa wamewekwa pale kushuhudia. Mtiakuni aliona vyuma vya bunduki viking'aa kwenye taa yake.

"Kuna watu nyuma!" alipiga kelele. "Behewa la mwisho lina watu arobaini, wamefungwa!"

"Amri yangu ni kwamba injini hii isisimame. Waingereza wako Mikese kesho. Fungua mvuke uruke."

"Njoo uwasikie mwenyewe! Ni watu wa Turiani, ni watu wa kwetu!"

Kimya kidogo. Kisha: "Nahesabu mpaka tatu. Moja."

Mtiakuni alitazama kioo cha maji. Hakikuwa na maji. Dereva hakuona sababu ya kuinywesha injini inayokwenda kufa, na mvuke uliobaki ulikuwa ukishuka mbele ya macho yake. Bila mvuke magurudumu yasingeweza kushindana na mteremko.

"Mbili."

Nyuma kabisa, mdundo kwenye bati ulikatika, na sauti ya mjomba ikaita jina lake, lile la nyumbani, ambalo halikutumika kwenye reli. Na chini ya miguu yake, taratibu sana, magurudumu manane yakaanza kuzunguka kwenda mbele.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO